Naomba Namba 17 Iondolewe: Kumuaga Shangazi wa Friza

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu ya damu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hesabu ya hizo siku tisa imerudiwa mara tatu, kwa sababu anayestaafu ni mtu ambaye ukimwambia "miaka thelathini na kitu hivi" anakurudisha kwenye kiti uhesabu upya. Kwenye faili la utumishi ana jina refu na cheo kirefu zaidi ya jina. Sisi tunamwita Shangazi, na mgeni akiuliza Shangazi yupi, tunamjibu: Shangazi wa Friza.

Kamati ya sherehe ilimteua mtakwimu wa maabara aandike wasifu huu, ikampa masharti mawili: asizidishe kurasa nne za programu, na asijizungumzie. Sharti la kwanza litajaribiwa. La pili lina ugumu wake, maana mtakwimu huyo yuko hai leo kwa sababu Shangazi alikataa kumsikiliza. Ataeleza. Kwa sasa tumwite tu Mtakwimu, kana kwamba ni mtu mwingine kabisa aliyekaa upande wa pili wa ukumbi, na tuone atavumilia mpaka ukurasa wa ngapi.

Shangazi alipoingia hapa alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, cheti kimoja, na koti jeupe alilolishona mwenyewe, kwa kuwa makoti yote ya stoo yalikatwa kwa ajili ya wanaume warefu. Maabara nzima ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, hadubini moja ya watu watatu, na friji moja ambamo damu za wagonjwa zilikaa jirani na chakula cha mchana cha mkuu wa wakati huo. Wiki yake ya kwanza alikitoa kile chakula, akakiweka mezani kwa mkuu kikiwa na lebo: "Sampuli isiyojulikana. Haina jina, haina tarehe." Mkuu alifoka, akanuna siku mbili, na siku ya tatu akaja na bakuli lenye lebo yake. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ambayo sisi wengine tumeikuta na imetuumbua kwa zamu: kisicho na tarehe hakipo.

Wiki ya pili aliomba friji nyingine, akapewa. Tangu hapo haijapita miaka mitatu bila yeye kuomba kitu cha kugandisha.

Amepita kila benchi la jengo hili. Amepima makundi ya damu, amesaka vijidudu kwenye hadubini mpaka macho yakadai miwani, amefundisha mafundi sanifu themanini na wawili (tumehesabu), na amewafukuza chumbani wakaguzi wawili walioingia na viatu vya nje. Ana sikio ambalo hatujapata maelezo yake. Pipeti, kile kidude chetu cha kuvutia matone kwa kipimo, hutoa mlio mdogo kidole gumba kinapokiachia. Shangazi akiwa amekupa mgongo, anaandika daftarini, atasema tu, "Umevuta hewa." Ukitazama ncha ya pipeti, kweli umevuta hewa. Wanaotoka vyuoni hudhani ni mazingaombwe. Mwenyewe anasema ni masikio ya mama wa watoto wanne.

Mumewe, fundi redio mwenye subira ya kupigiwa mfano, ametuthibitishia kwamba nyumbani hali ni ile ile. Mchuzi wa jana una tarehe, una saa, na una onyo kwamba usigandishwe mara mbili. Anadai siku moja alisinzia kwenye kochi, akaamka na kipande cha utepe kifuani, kimeandikwa tarehe ya siku hiyo kwa kalamu isiyofutika. Tunaamini fundi redio anatia chumvi, ila mkewe hajakanusha.

Halafu kuna arusi ya binti yake wa pili, ambayo dereva wa maabara huisimulia bila kuombwa. Friza letu kubwa hukaa nyuzi themanini chini ya sifuri, na likianza kupata joto hupiga simu lenyewe. Namba liliyopewa ni moja tu, na msomaji ameshabahatisha ni ya nani. Simu iliita bibi arusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Mama mtu alimkabidhi dada yake pochi, akamnyanyua dereva mezani akiwa na tonge shavuni, na dakika kumi na tano baadaye alikuwa hapa, ndani ya gauni la arusi, anahamisha vichupa mia nne kwenda friza la akiba, kimoja kimoja, anavisoma tarehe. Mfanya usafi alikuwa ameipiga plagi kwa fagio bila kujua. Shangazi alirudi ukumbini wakati wa kukata keki. Ile picha ya keki iko mpaka leo: bibi arusi anacheka, bwana arusi anacheka, na mama wa bibi arusi amesimama katikati kwa heshima zote, mikononi amevaa glavu nene za bluu za kushikia barafu, amesahau kuzivua. Binti hakununa. Picha hiyo ndiyo aliyoitundika sebuleni kwake.

Sasa tuje kwenye sukari.

Miaka kumi na minne iliyopita Profesa, mkuu wetu wa sasa, alirudi kutoka masomoni na wazo lililotufanya tumtazame kwa huruma. Alisema tutaitafuta saratani kwa kutumia sukari. Kwa faida ya ndugu na jamaa watakaosoma programu hii, tueleze kidogo. Kila seli mwilini imevaa nje vazi la minyororo midogo ya sukari. Hii siyo sukari ya chai, ni sukari ambazo seli hujitengenezea zenyewe. Seli ikigeuka kuwa ya saratani, uvaaji wake huharibika: minyororo mingine hukatikia njiani, mingine huishia vibaya, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati upande upande. Na mwili una jicho la umbeya. Ukiona vazi la namna hiyo, mara nyingine huanza kutengeneza kingamwili, yaani walinzi wa damuni wanaolinasa vazi lile. Profesa alitaka kuwatafuta walinzi hao ndani ya tone la damu, pengine kabla uvimbe wenyewe haujawa na ukubwa wa kuonekana.

Kazi yenyewe ni hivi. Mashine inakipiga kipande cha kioo nukta tisini na sita, kila nukta sukari yake. Tunamwagia majimaji ya damu ya mtu, tunasubiri, tunaosha. Tunaongeza rangi inayoshika kingamwili tu, tunaosha tena, kisha tunakisoma kioo kwa mashine. Nukta iliyonaswa inawaka. Ambayo haikunaswa inabaki giza. Ndiyo maana hapa kwetu giza ni habari njema, na Shangazi akiaga saa za kutoka kazini hamwambii mtu kwaheri. Husema, "Giza jema." Wageni hushtuka. Sisi tumezoea, na wengine tunawaambia hivyo hata watoto wetu wakienda kulala.

Wazo la sukari lilituletea vituko. Mgeni rasmi mmoja alitembezwa maabara nzima, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kila palipostahili. Chai ilipoletwa, alilisukuma bakuli la sukari mbali kwa kidole kimoja, akanywa kikombe kizima kichungu huku jasho likimtoka. Shangazi alimsubiri amalize ndipo amweleze kwamba ile ni sukari nyingine. Tulipomuuliza kwa nini hakumwahi, alijibu kwamba hakupenda kumkatiza mtu anayekunywa dawa.

Lakini kipimo hiki kilikuwa na tatizo la kweli. Hakuna mtu ambaye kioo chake ni giza lote. Kila mmoja wetu ana nukta zake zinazowaka kidogo, kwa sababu ya kundi lake la damu, kwa sababu ya bakteria wa tumboni, kwa sababu anazozijua Mungu. Ili ujue mgonjwa anawakaje, ni lazima kwanza ujue wazima wanawakaje. Wazima tutawatoa wapi? Shangazi akasema wako hapa hapa, wanakunywa chai ya ofisi bure.

Ndipo ikaanzishwa Siku ya Damu. Jumatatu ya kwanza ya Machi, kila mwaka kwa miaka kumi na miwili sasa, watumishi arobaini tunapanga foleni kwenye korido, kuanzia Profesa mpaka mlinzi wa geti, mikono ya mashati imekunjwa. Shangazi anachoma sindano mwenyewe. Kichupa kinapitishwa kwenye kidirisha kwa karani wa kamati ya maadili, ambaye hubandika namba ya siri ya mtu huyo, ile ile kila mwaka, na kutoka hapo Shangazi, Profesa, hata mwenye damu, hakuna ajuaye namba ipi ni ya nani. Orodha inakaa ndani ya bahasha iliyofungwa, bahasha iko ndani ya kabati, na funguo za kabati ziko shingoni kwa karani.

Anayetoa damu hupewa biskuti moja kutoka kwenye kopo la bati. Moja. Profesa aliomba ya pili mwaka wa kwanza, akaambiwa arudi Machi ijayo. Na biskuti hiyo haitoki mpaka fomu ijazwe yote, pamoja na kisanduku cha mwisho kabisa, kile cha kuchagua kama ungependa kujulishwa endapo kitaonekana kitu kwenye damu yako au usijulishwe. Watu wa haraka hukiacha wazi. Mwaka wa kwanza Mtakwimu alikiacha wazi, akanyoosha mkono kwenye kopo. Shangazi alilifunika. "Mwanangu, ujulishwe au usijulishwe?" Mtakwimu aliandika "nijulishwe" kwa mwandiko wa mtu mwenye njaa, akapewa chake, akaenda zake akitafuna.

Tuseme ukweli kuhusu Mtakwimu. Ni mtu anayependa mstari ulionyooka. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakupa wastani wa miaka kumi, na ndiyo maana Shangazi alimbatiza Bwana Wastani. Wawili hawa walibishana miaka saba juu ya jambo moja. Mtakwimu alisema kila mgonjwa alinganishwe na wastani wa wazima, basi. Shangazi alisema wastani hana damu. Mtu alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kwa ajili hiyo hakukubali kutupa hata kichupa kimoja cha miaka iliyopita, na Mtakwimu alikuwa akipita mbele ya friza akiguna kuhusu watu wasioweza kuachana na vitu vya zamani.

Mwaka wa saba, yaani miaka mitano iliyopita, tulifika pa kuandika ripoti. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Damu za wagonjwa kutoka hospitali ziliwaka zilipotarajiwa kuwaka, na wazima wetu arobaini walitulia kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Wote isipokuwa mmoja. Namba 17 ilikuwa na nukta tatu zinazowaka kwa nguvu, mstari mmoja, zote za zile sukari za vifungo upande upande. Kwenye mchoro wa Mtakwimu, namba 17 ilikaa peke yake juu kabisa ya ukurasa, inatazama wenzake chini, na mstari wake mzuri ukapinda kuifuata.

Mtakwimu hakulala na jambo. Aliandika barua siku hiyo hiyo, akaitia saini na tarehe, maana bila tarehe isingesomwa. Ilikuwa na sentensi mbili: "Naomba namba 17 iondolewe. Inaharibu mstari." Akaeleza kwa mdomo kwamba ni kosa la kawaida la upimaji: ama kichupa kimebadilishwa, ama kioo hakikuoshwa, ama pipeti ilivuta hewa.

Hayo makosa yote matatu, kama yalikuwapo, yangekuwa ya Shangazi. Wote tuliokuwamo chumbani tulitazama sakafu.

Hakugombana. Aliichukua barua, akaibandika kwenye mlango wa friza kwa sumaku, akavaa koti. Alipima namba 17 upya kesho yake, kwa kioo kipya. Zikawaka. Alipima kwa rangi ya chupa nyingine. Zikawaka. Alimwomba Profesa avichanganye vichupa bila yeye kuona, akafunika namba zote kwa utepe, akapima vyote arobaini kuanzia mwanzo. Utepe ulipobanduliwa, aliyewaka alikuwa yule yule. Alipima mara kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alifungua friza, akatoa vichupa vya namba 17 vya miaka yote saba, vile vitu vya zamani, akavipima kwa mpigo mmoja na kuvipanga vioo mezani kwa mfuatano. Mwaka wa kwanza, nukta zile tatu giza. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, giza. Wa sita, kama jicho la mtu anayetaka kuamka. Wa saba, taa tatu.

Alimwita Mtakwimu aje aone. Akamwambia neno ambalo halihitaji elimu ya takwimu: "Huyu mtu amebadilika."

Mtakwimu alisema sampuli moja si ushahidi. Mbishi huyu, angebishana na kioo cha kunyolea.

Shangazi alipeleka ombi kamati ya maadili bahasha ifunguliwe, mwenye namba 17 atafutwe, aangaliwe na daktari. Mtakwimu akaomba nafasi ya kupinga. Alipewa dakika kumi, akatumia ishirini na tano. Alichora ubaoni. Alionya kwamba kipimo bado ni cha majaribio, kwamba nukta zinaweza kuwaka kwa sababu nyingine kumi zisizo na madhara, kwamba tutamtia hofu mtu wa watu bure, mtu mzima wa afya, pengine ana mke na watoto. Alisema hayo yote kwa ufasaha mkubwa. Na mengi yalikuwa kweli, ndilo linalochekesha. Shangazi alipopewa zamu yake alisimama, akasema kioo hakimwambii mtu ana saratani, kinamwambia akaangaliwe. Akasema mwenye damu aliandika mwenyewe kama anataka kujua au hataki, tusimjibie. Akaketi. Dakika moja haikuisha.

Karani alivua funguo shingoni. Alifungua kabati, akafungua bahasha, akashuka kwa kidole kwenye orodha. Alimtazama Mtakwimu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama tena. Kisha akaomba watu wote watoke nje isipokuwa Mtakwimu.

Mtakwimu alidhani anabakizwa apongezwe kwa hotuba.

Kamati ya sherehe wanisamehe, nimejitahidi nilivyoweza. Mtakwimu ni mimi. Namba 17 ilikuwa damu yangu. Nilisimama ubaoni dakika ishirini na tano, chaki mpaka kwenye nyusi, nikiomba kwa hoja sita nisitafutwe mimi mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakutaja mtu anayekitetea.

Karani alinionyesha fomu yangu ya mwaka wa kwanza, na mwandiko wangu wa njaa: nijulishwe. Nilitoka pale. Sikuwa naumwa popote. Nilikuwa nakula, nakimbia asubuhi, nabishana na watu. Koridoni Shangazi alikuwa amekwisha rudi kwenye friza lake, anapanga vichupa. Yeye hakuambiwa jina, kanuni ni kanuni, na hakuuliza. Alinitazama usoni mara moja tu. Akavua glavu, akalifungua lile kopo la bati, akanipa biskuti. Nikaila nimesimama. Akanipa ya pili.

Profesa aliyekuwa anapita aliona ile biskuti ya pili, akasimama ghafla kama aliyegonga mlango. Hakuna aliyewahi kupewa. Wote waliojua historia ya kopo lile walijua hapo hapo kwamba kuna jambo kubwa, na namba 17 ni nani. Nililia mbele ya friza, mtu mzima na mahesabu yangu, na Shangazi akanishika bega akasema, "Sasa hayo machozi usiyapotezee sakafuni, ningeyapima." Nikacheka huku nalia. Sijawahi kumshukuru kwa sentensi ile, namshukuru leo.

Wiki hiyo nilikwenda hospitali. Nilipimwa huku na huku, nikapitishwa mashine, nikaingizwa kamera pasipo pa kutajwa kwenye programu. Kilionekana kivimbe kwenye utumbo mpana, kidogo kama punje ya mahindi, kimeanza tabia mbaya lakini hakijatoka nyumbani kwake. Daktari mpasuaji alikitoa. Aliniambia kwamba wenye kitu cha aina hiyo huja kwake wakiwa wameanza kuumwa, na wakija wakati huo maongezi huwa mengine. Mke wangu alisikiliza yote, akasema, "Miaka kumi namwambia huyu mtu akapime afya, hanisikii. Kumbe alikuwa anasubiri aambiwe na kioo." Kisha akaenda sokoni, akanunua makopo manne ya biskuti, akayapeleka nyumbani kwa Shangazi bila kuniambia.

Na lile ombi langu? Lilikubaliwa. Kwenye ripoti iliyochapishwa, namba 17 iliondolewa kwa heshima zote kutoka kundi la wazima, na mstari ukanyooka. Nilipata nilichokitaka, neno kwa neno. Baada ya hapo Profesa alibadili mpango mzima wa utafiti: sasa kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwaka jana, kama Shangazi alivyodai miaka saba, na mafriza ya vitu vya zamani yamekuwa ndiyo hazina yenyewe. Kipimo bado kiko kwenye majaribio, bado hakijafika zahanati ya mtaani kwenu, na Shangazi hapendi mtu akisifie kuliko kilivyo. Hata mimi namtii siku hizi. Lakini hatua iliyopigwa, imepigwa kwa mikono ile ya glavu za bluu.

Barua yangu haikushuka kwenye mlango wa friza. Miaka mitano ilikaa pale, na kila mgeni aliyetembezwa alionyeshwa: hii hapa hadubini, hii hapa mashine ya kupiga nukta, hii hapa barua ya Bwana Wastani. Nilijaribu kuibandua mara mbili. Mara zote mbili nilisikia sauti nyuma yangu, mwenyewe amenipa mgongo, anaandika daftarini: "Iache."

Kila Machi nimekuwa nikikunja mkono wa shati na wenzangu. Kioo cha mwaka uliofuata upasuaji kilikuwa kimefifia. Vitatu vilivyofuata, giza. Cha mwaka huu kilisomwa wiki tatu zilizopita, na Shangazi alikisoma mwenyewe, nami nimesimama nje ya mlango nikihesabu vigae vya ukutani. Alitoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akaitoa barua kwenye sumaku yake, akaandika chini ya saini yangu kwa kalamu yake isiyofutika, akanikabidhi. Ninayo mfukoni ninapoandika haya. Inasema:

"Ombi limekataliwa. Namba 17 irudishwe kwa wazima."

Na tarehe.

Shangazi, kanuni yetu inasema mtumishi akiondoka, namba yake inafungwa. Tumekaa kikao bila wewe, cha kwanza katika miaka thelathini na minne, tukaibadili. Namba yako hatuijui, anaijua karani peke yake, ila haitafungwa. Kila Jumatatu ya kwanza ya Machi dereva atakuja kukuchukua, utapanga foleni kama watu wengine, utajaza fomu yote mpaka kisanduku cha mwisho, na nitakuchoma sindano mimi. Usiogope, nimejifunza. Fundi redio ndiye niliyemfanyia mazoezi, na anakusalimu kwa mkono wa kulia.

Kopo la bati umelikabidhi kwangu, na nitalilinda kwa sheria yako: kila mtu moja, Profesa akiwamo. Yako ni mbili.

Ahsante kwa miaka yote, miezi yote, na zile siku tisa. Ahsante kwa kichupa ulichokataa kukitupa. Tunakutakia maisha mema na marefu, Shangazi wetu, wewe na fundi redio na wana na wajukuu, na kwenye kila kioo chako kitakachosomwa, mwaka hadi mwaka, tunakutakia giza jema.